Farasi wa Bahari Aliyebeba Mimba Kabuchai

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa saba mzazi mmoja alipokuja shuleni kwetu Kabuchai, wilayani Bungoma, kulalamika kwamba nimemtia kijana wake mimba. Aliyasema hayo mlangoni mwa ofisi ya walimu, wakati wa chai ya saa nne, kofia yake mkononi. Walimu wenzangu walishika vikombe vyao wakatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya dirisha, mkono kiunoni kwa sababu mgongo ulikuwa ukiniuma, na nakumbuka kwamba sikukasirika mara moja. Nilichoka tu. Nilikuwa nimelieleza jambo lile mara nyingi mno, kwa watu wengi mno.

Jambo lenyewe lilikuwa farasi wa bahari.

Mimi si mtu wa bahari. Ni mzaliwa wa mahali paitwapo Kwanza, upande wa Kitale. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakaja kununua shamba Trans-Nzoia, na utoto wangu wote ulikuwa mahindi: kupanda, kupalilia, kuvuna, kupukuchua mpaka vidole vinachubuka. Nilipomaliza chuo cha ualimu, nilipelekwa kufundisha pwani ya kusini, kwenye shule iliyokaribiana na ufuo hivi kwamba chaki zilikuwa zinapata unyevu ndani ya boksi. Nilikaa huko miaka miwili nikilalamikia joto. Halafu nikaolewa na kijana wa Kabuchai ambaye tulifahamiana Kitale, alikokuwa fundi wa matrekta. Nikaomba uhamisho, nikaletwa kwenye shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani kwao. Yeye akabaki Kitale na kazi yake, akija Jumamosi na kuondoka Jumapili, nami nikabaki na darasa la sita, na baadaye na tumbo.

Huko pwani farasi wa bahari nilimwona mara moja tu. Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima wa kijiji kile, alinichukua siku moja maji yalipokupwa, twende kutafuta pweza. Tulitembea mbali, maji yakitufika magotini, na chini ya miguu yetu palikuwa na nyasi. Sikuwa najua kwamba bahari ina nyasi. Zilikuwa nyasi kweli, zenye mizizi mchangani na majani marefu ya kijani, zimelala upande mmoja kama shamba la ngano upepo unapopita. Mimi niliziita mwani.

"Mwani hauna mizizi," mwenzangu akanisahihisha. "Hizi ni nyasi kama hizo za kwenu bara. Samaki wanalea watoto wao humu."

Kisha akanishika mkono nisisogee. Kwenye jani moja alikuwa amejishikiza mnyama mfupi kuliko kidole changu, rangi yake ile ile ya jani, kichwa kama cha farasi, mkia umejizungusha kwenye unyasi. Tumbo lilikuwa limevimba.

"Ana mimba," nikasema.

"Anayo," akajibu. "Naye ni dume."

Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ni mtu wa bara. Akanieleza taratibu. Jike hutia mayai kwenye mfuko ulio tumboni mwa dume, na dume huyabeba mpaka yaanguliwe. Siku ya kuzaa hujikunja na kujikunjua, hujikunja na kujikunjua, mpaka vitoto vitoke, vyembamba kama nyuzi. Akasema zamani walikuwa wakionekana wengi, lakini nyavu za kukokota zimeng'oa nyasi sehemu kubwa, na farasi asipopata jani la kushika, maji humchukua, maana hajui kuogelea vizuri. Tulimwacha palepale. Pweza hatukupata.

Sasa turudi Kabuchai. Mwanzoni mwa mwaka, mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwamba maigizo ya shule kwa mashindano ya wilaya yatakuwa juu yangu. Walimu wengine walikuwa wameikwepa kazi hiyo kwa ustadi, mmoja kwa sababu ya kanisa, mwingine kwa sababu ya miwa yake.

"Wewe umetoka pwani," akasema. "Kiswahili yako iko sawa. Tutengenezee kitu ya kwenda nayo Bungoma."

Nilimuuliza kitu gani. Akasema chochote, bora kiwe kipya, kwa sababu kila mwaka kila shule ilipeleka ukimwi na ulevi, na waamuzi walikuwa wamechoka. Nikarudi nyumbani nikaandika shairi la kughani kwa pamoja. Kundi kubwa la watoto lingekuwa nyasi za bahari, wakiyumba na kusema kwa sauti moja. Mbele yao angekuwa farasi dume na farasi jike. Ungekuja wavu wa kukokota, nyasi zing'olewe, na dume mwenye mimba atafute jani la kushika mpaka alipate na azae. Nilipomaliza niliona ni kazi nzuri. Mpaka leo naona ilikuwa kazi nzuri.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilichora ubaoni.

"Huyu ni farasi wa bahari," nikawaambia.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, farasi ni nini?"

Hilo sikulitarajia. Utotoni mwangu farasi nilikuwa nikiwaona kwenye mashamba makubwa ya Kitale, nikadhani kila mtu amewaona. Kabuchai kulikuwa na ng'ombe na punda. Ikabidi nichore farasi kwanza, naye kwa uchoraji wangu akatoka punda, na watoto wakasema kwa pamoja kwamba ni punda. Kwa muda mrefu walimwita punda wa bahari.

"Anakula hizo nyasi?" mwingine akauliza.

"Hapana. Anakula wadudu wadogo wanaopita kwenye maji."

"Sasa anafanya nini kwa nyasi na hakuli?"

Nikaeleza kwamba anajishika, anajificha, kwamba nyasi ndizo nyumba yake. Wakanitazama kwa heshima, kama watoto wanavyomtazama mtu mzima ambaye hawamwamini. Ndipo kijana mmoja wa darasa la saba, mrefu, mwembamba, ambaye sauti yake ilikuwa bado haijavunjika, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, ni kama kinyonga."

Nilimwangalia. Mkia wa kushika, macho yanayozunguka kila moja upande wake, rangi inayobadilika. Alikuwa sawa kabisa, na hakuwa ameona chochote ila mchoro wangu mbaya. Lakini wenzake walipiga kelele na kurudi nyuma, kwa sababu kinyonga kule kwetu watu wengi humwogopa, na nikapoteza mazoezi yote ya siku hiyo nikiwasihi warudi kwenye mistari.

Kijana yule nilimpa sehemu ya dume. Alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, jambo ambalo nililijua na sikulifikiria.

Wiki zilizofuata zilinimaliza. Watoto wa Bungoma wengi huchanganya r na l bila kujua, na shairi langu, kwa ujinga wangu, lilikuwa limejaa herufi hizo mbili. "Nyasi za bahari, farasi amejishika" ilitoka "nyasi za bahali, falasi amejishika." Nilipowasahihisha, walijitahidi sana, wakaanza kuweka r kila mahali, mpaka mawimbi yaliyokuwa yanalala yakawa yanarara. Nilisimama jua la saa kumi, miguu imevimba, nikirudia "ri, ri, ri" mpaka mdomo ukakauka. Wakiweza neno moja, jingine linavunjika.

Halafu nyasi. Nilikuwa nimewaambia kila mtoto aje na kitu cha kijani, kirefu, cha kuyumbisha. Wote walileta majani ya miwa. Majani ya miwa hukata ngozi, na yakitikiswa hukwaruzana kama mtu anayeburuta matawi. Nilijaribu kueleza kwamba bahari haina sauti hiyo, kwamba nyasi zile hulala na kuinuka kimya, kwamba ni laini. "Laini kama nini?" wakauliza. Mwishowe tulikusanya mifuko ya nailoni sokoni, tukaikata vipande virefu. Ya kijani haikutosha, tukaongeza ya buluu na ya mistari. Nilipoviona vyote vikiyumba kwa pamoja nilijiambia kwamba kwa mbali vitafanana na nyasi za bahari.

Mwalimu mkuu alikuja kutazama mara moja, akasimama mlangoni na funguo zake.

"Na hii kitu iko kwa silabasi?" akaniuliza.

Nikasema mazingira yako kwenye silabasi. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Lakini yule kijana alinipa raha. Nilimshonea mfuko wa tumboni kwa kipande cha leso ya kujifunga niliyorudi nayo kutoka pwani. Ndani tuliweka vitoto vya karatasi, vyembamba, tulivyovikata kwenye madaftari yaliyokwisha. Siku tuliyofika mahali pa kuzaa, aliniuliza, "Mwalimu, akizaa anasikia uchungu?"

"Sijui," nikamwambia. "Anajikunja sana."

"Basi anasikia."

Akashika kipande cha nailoni kwa mkono mmoja, akajikunja, akajikunjua, taratibu, macho ameyafumba. Hakucheka, wala hakujichekesha. Karatasi zilipoanza kudondoka kutoka kwenye mfuko, watoto wote wa nyasi walinyamaza, hata wale waliokuwa wakisukumana nyuma. Hapo, kwa muda mfupi, sikuwa nimekasirishwa na mtu yeyote.

Kumbe habari zilishafika sokoni. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara. Kule Bungoma wavulana hutahiriwa Agosti, mara moja kila miaka miwili, na maandalizi huanza mapema: kijana hutazamwa anavyotembea, anavyojibu, anavyovumilia. Yule kijana wangu alikuwa mmoja wa watakaotahiriwa. Hili pia nililijua. Sikuliunganisha na maigizo, kwa sababu kichwani mwangu farasi wa bahari alikuwa somo la sayansi.

Ndipo baba yake akaja wakati wa chai.

"Mwalimu, sikuja kwa ubaya," akasema baada ya yale maneno ya kwanza. "Lakini kijana yangu umempatia mimba."

"Baba, ni maigizo."

"Mimi najua ni maigizo. Watu wa soko hawajui. Mwezi wa nane huyu anasimama mbele ya kisu. Sasa wananiuliza, mzee, utaita ngariba ama utaita mkunga?"

Mwalimu mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Nikaanza tena, kama nilivyokuwa nimeanza mara nyingi: kuna mnyama baharini, anaishi kwenye nyasi, na kwa mnyama huyo baba ndiye anayebeba. Nikamwambia kwamba ni mwanaume kamili, kwamba kubeba kwenyewe ni ushujaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu, mzee wa kanisa.

"Huyo mnyama unamjua wewe peke yako," akasema. "Wewe umetoka Kitale, lakini ni mke wetu, na mimi nakuheshimu. Lakini wewe ndio uko na mimba, mwalimu. Usitake kila mtu akuwe nayo."

Hapo ofisi nzima ilishindwa kujizuia. Mwalimu mkuu akatoka chumbani kwake, akamwomba mzee aketi, akamwagizia chai, na wakaanza kuzungumza kama vile mimi ni jambo la kutatuliwa.

"Hatutaki kumtoa kijana kabisa," mwalimu mkuu akasema. "Ana sauti."

"Kuna nini ingine anaweza kuwa?" mzee akauliza.

Wote wawili wakanigeukia.

"Kuna nyasi," nikasema.

Mzee akapuliza chai yake. "Nyasi ni sawa. Nyasi haina mimba."

Alipoondoka nilimwambia mwalimu mkuu kwamba basi nitamweka msichana aigize dume. Akatikisa kichwa.

"Hapana, mwalimu. Wacha ikuwe mama. Mama anabeba, mama anazaa, watu wanaelewa. Pale umeandika baba, andika mama. Mistari ni ile ile."

"Lakini ni uongo."

"Maigizo yote ni uongo."

"Jike hana mfuko. Hana pa kubebea."

"Mwalimu," akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, "nani Bungoma atajua?"

Niliondoka kutafuta ushahidi. Shuleni hapakuwa na kitabu kinachomtaja farasi wa bahari. Nilikuwa nimepekua kabati lote. Siku hizo intaneti ilikuwa mjini, kwenye vyumba vyenye kompyuta za kukodi. Nikampigia mume wangu simu Kitale, nikamwomba aingie huko, anitolee ukurasa mmoja tu wenye picha na maelezo, niuweke mezani kwa mwalimu mkuu. Akasema hilo si jambo. Jumamosi akaja na beseni la kuogeshea mtoto, zuri kweli, na ukurasa hakuwa nao.

"Stima ilipotea," akasema. "Halafu nikaitwa kwa kazi. Si uchague tu mnyama mwingine?"

"Maigizo ni wiki ijayo."

"Basi fanya vile mkuu amesema. Mwenye shule ni mwenye shule."

Nikamwambia kwamba baharini wanaume hubeba mimba, na yeye hata ndoo ya maji kutoka kisimani hajawahi kunibebea tangu nianze kuvimba miguu. Akacheka, akajipapasa tumbo la shati. "Nipatie mfuko nitabeba," akasema. Ndoo aliibeba jioni hiyo, lazima niseme, na Jumapili akarudi Kitale.

Nikabadilisha. Kila mahali palipoandikwa baba niliandika mama. Mfuko wa leso nikamfunga msichana wa darasa la sita aliyeitikia "ndiyo mwalimu" kwa kila kitu. Watoto walikuwa wamelikariri shairi lile mpaka wanalisema wakiteka maji, na sasa nikawataka wasahau neno moja lililokuwa kila baada ya mistari michache. Yule kijana alikwenda kusimama mstari wa mbele wa nyasi, akapewa nailoni yake. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, kwani ulikosea?"

"Hapana," nikamwambia. "Simama vizuri."

Tulikwenda Bungoma mjini kwa trekta la miwa. Baba yake ndiye aliyelitoa, likafagiliwa, tela likatandikwa magunia, na yeye mwenyewe akaendesha. Mimi waliniketisha kwenye kiti kilichofungwa kwa kamba nyuma yake, na kila shimo la barabara nililihisi mgongoni. Watoto nyuma walikuwa wakiimba, na vipande vya nailoni vikipepea kando ya tela.

Ukumbi ulijaa shule za wilaya nzima. Tulipoitwa, watoto wangu walipanda jukwaani vizuri, wakajipanga, wakaanza kuyumba, na kwa kweli kwa mbali walifanana na nyasi. "Bahari" ilitoka bahari mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu ikawa bahali, lakini niliiacha ipite. Wavu ukaja, nyasi zikaanguka, msichana mwenye mfuko akahangaika huku na huku akitafuta pa kushika. Kisha tukafika pale.

Nusu ya watoto walisema, "Mama akajikunja." Nusu nyingine wakasema, "Baba akajikunja." Wakasikiana, wakaogopa, wakabadilishana, na mstari uliofuata wale wa mama wakasema baba na wale wa baba wakasema mama. Msichana alisimama katikati, amejikunja, hajui kama ni yeye anayezungumziwa. Karatasi zikadondoka zote kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyeangusha sahani. Ukumbi ukacheka. Yule kijana wangu tu ndiye aliyeendelea kuyumba taratibu mpaka mwisho, mdomo ameufunga, kwa sababu, aliniambia baadaye, hakujua aseme lipi.

Mwishoni waamuzi walitoa maoni yao kwa kipaza sauti, shule moja baada ya nyingine. Aliyezungumza juu yetu alikuwa mama mwenye miwani, mwenye sauti tulivu. Akasifu nyasi. Akasema matamshi ya r na l yashughulikiwe. Kisha akasema:

"Sasa kuna jambo limenisumbua. Nani anayezaa hapa? Nimesikia baba, nimesikia mama. Walimu, tufanye utafiti kabla ya kuandika. Kwa farasi wa bahari, anayebeba mimba ni dume. Mngeshikilia hapo. Hapo ndipo palipokuwa na hadithi yenu."

Watu wakapiga makofi. Walimu wa shule nyingine waligeuka kutazama ni nani huyo ambaye hakufanya utafiti. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, tumbo limegusana na kiti cha mbele, na sikuweza hata kusimama haraka nikasema kitu. Mwalimu mkuu aliinama kunielekea.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "kwani wewe hukuwa na uhakika?"

Watu walipoanza kutoka, nilijisukuma mpaka meza ya waamuzi. Yule mama alikuwa akifunga mkoba wake.

"Shairi niliandika hivyo ulivyosema," nikamwambia. "Mwanzoni lilikuwa baba."

"Basi mngeliacha hivyo," akasema, na akanitakia safari njema.

Hatukufuzu kwenda mkoani. Kwenye tela, njia nzima, watoto walibishana nani alianza kusema baba. Nilitaka kuwaambia kwamba aliyesema baba hakukosea, lakini trekta lilikuwa linanguruma na sikuwa na nguvu ya kupiga kelele.

Mtoto wangu alizaliwa Mei, Kitale. Nilikuwa nimekwenda kwa mama yangu kungojea siku zangu. Mume wangu, ambaye gereji yake haikuwa mbali na hospitali hata kidogo, alifika siku ya pili, mikono bado ina grisi, akaeleza kwa kirefu habari za gia za trekta fulani la mkulima fulani ambaye hangeweza kungoja. Mama yangu alimpa chai. Mimi nilimpa mtoto ambebe, nikageuka upande wa ukuta nikalala.

Agosti nilikuwa nimerudi Kabuchai. Yule kijana alitahiriwa pamoja na wa rika lake, na watu walisema alisimama vizuri, hakupepesa jicho. Siku iliyofuata, mchana, nilikwenda kwao kama kila jirani alivyokwenda, mtoto mgongoni. Kulikuwa na nyama na watu wengi. Baba yake mwenyewe alinitafutia kiti kivulini, akaniletea soda, akaketi kando yangu. Alikuwa mchangamfu, sauti imekauka kwa kuimba.

Tulizungumza kuhusu mtoto, tukazungumza kuhusu mvua. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwalimu, ile kitu yule mama alisema kule Bungoma. Ni ya kweli?"

"Ni kweli."

"Mwanaume ndio anazaa?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe umeona kwa macho?"

"Nimemwona akiwa na tumbo. Kuzaa sikumwona."

Akatafuna kijiti chake. "Na bibi yake anakuwa wapi wakati huo?"

"Anakuwa karibu. Kila asubuhi anakuja kumwona, wanacheza pamoja, halafu anakwenda kutafuta chakula."

Hayo ya kucheza niliambiwa na yule mwenzangu wa pwani, na ni kweli, ingawa sikuwa nimeyatia kwenye shairi.

"Hiyo ungeniambia mapema," mzee akasema.

Hasira yote ya Februari na Machi ilinirudia. "Nilikuambia," nikasema. "Ofisini. Nilikuambia yote."

"Uliniambia mbele ya watu," akasema. "Wakicheka."

Akainuka kwenda kupokea wageni wengine, akanisihi nisiondoke kabla ya kula. Nikakaa pale na soda yangu. Sikuona haki katika jibu lake, na bado siioni, maana si mimi niliyekuja kulalamika mlangoni wakati wa chai. Lakini mtoto alikuwa ameamka, akilia, ikabidi nimfungue mgongoni nimnyonyeshe.

Januari uhamisho wangu wa kwenda Kitale ulikubaliwa. Nimefundisha huko tangu wakati huo, hesabu na sayansi, na kila mara mwalimu mkuu yeyote anaponiuliza kama nina uzoefu wa maigizo, nasema sina. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na yule kijana kwenye kituo cha mafuta Kitale. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza, anaendesha lori la kubebea miwa. Akanisalimu kwa heshima, akauliza habari za mtoto. Nilitaka kumuuliza kama anakumbuka shairi, lakini lori jingine lilikuwa nyuma yake likipiga honi, akaniaga akaondoka.